Deni la Mwalimu: Maisha ya Jigoro Kano

Katika miji yetu, na hata vijijini, huonekana watoto waliojifunga kitambaa kiunoni, wakirusha mikono na miguu hewani kwa makelele mengi, kama walivyoona katika senema. Mtu mzima apitaye hucheka, akaenda zake. Ni mara chache mtu kusimama akajiuliza michezo hiyo ya mikono mitupu ilitoka wapi, na ni nani walioihifadhi hata ikatufikia. Hata wale vijana wachache waliobahatika kujifunza kwa mwalimu, ambao wamefundishwa kuinama kila waingiapo na kila watokapo katika chumba cha mazoezi, si wote wajuao wanamwinamia nani.

Leo twataka kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye hapana budi jina lake liwekwe mwanzoni mwa habari hizo. Mtu huyo ni Jigoro Kano, Mjapani, mwalimu wa shule na mwanzilishi wa mchezo wa judo, aliyefariki dunia mwaka wa 1938. Hatumchagui kwa sababu alikuwa hodari wa kupiga watu mweleka, maana mahodari wa namna hiyo wamekuwako katika kila nchi, na wengi wao wamekwisha kusahauliwa. Twamchagua kwa sababu alilijua jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui vema, nalo ni namna ya kumlipa mwalimu deni lake.

Kano alizaliwa tarehe 28 Oktoba, 1860, huko Mikage, kando ya bahari, mahali ambapo siku hizi ni sehemu ya mji wa Kobe. Ukoo aliozaliwa ulikuwa na mali iliyotokana na kutengeneza pombe ya mchele, lakini baba yake hakuifuata kazi hiyo. Yeye alishughulika na mambo ya usafirishaji baharini kwa ajili ya serikali. Mama yake alifariki mtoto akingali mdogo, na baada ya msiba huo baba yake akamchukua kwenda kukaa naye Tokyo, apate kusoma katika shule zilizokuwa zikifundisha elimu mpya na lugha za kigeni.

Msomaji atafahamu vizuri habari za mtu huyu akizikumbuka siku zenyewe zilivyokuwa. Mwaka wa 1868 utawala wa makabaila wa kijeshi uliokuwa umetawala Japani kwa zaidi ya miaka 250 uliangushwa, na nchi ikaanza kujifunza mambo ya Ulaya kwa haraka kubwa. Mwaka wa 1871 milki za makabaila zilifutwa. Mwaka wa 1876 askari wa kale walioitwa samurai walikatazwa kuchukua panga zao hadharani. Reli, viwanda, simu za waya, na sheria mpya vilikuja kwa pamoja. Katika mwendo huo mambo mengi ya kale yalitupwa jalalani, mabaya na mazuri bila ya kuchaguliwa, kama mtu afagiaye nyumba upesi upesi akazoa na lulu ndani ya takataka.

Mojawapo ya mambo yaliyotupwa ni elimu ya kupigana bila silaha, iliyoitwa jujutsu. Elimu hiyo ilikuwa imegawanyika katika vyuo vingi, kila chuo na mapokeo yake na hati zake za siri. Walimu waliokuwa wakiheshimiwa na wakubwa wa nchi walijikuta hawana wanafunzi wala mshahara. Wengine waligeuka waganga wa kuunga mifupa, kwa kuwa mtu ajuaye namna ya kukitegua kiungo hujua na namna ya kukirudisha mahali pake. Wengine walionyesha ustadi wao mbele ya watu kwa kulipwa fedha kidogo. Vijana wasomi waliwadharau, wakawaona kuwa masalio ya zamani yasiyo na faida kwa taifa jipya.

Basi kijana Kano alikuwa msomi kama wao, na angaliweza kuwadharau kama wao. Lakini yeye alikuwa na shida yake mwenyewe. Alikuwa mfupi, urefu wake haukuzidi sana mita moja na nusu, na mwili wake ulikuwa mwembamba. Akili yake darasani iliwapita wenzake, na kwa sababu hiyo hiyo wenzake wenye nguvu walimwonea na kumpiga. Aliposikia kwamba iko elimu ambayo kwayo mtu dhaifu aweza kumwangusha mwenye nguvu, alitamani sana kuijua. Mtu mmoja aliyezoea kuzuru nyumbani kwao, askari wa utawala wa zamani, alikuwa akiijua elimu hiyo. Kano alimwomba amfundishe, naye akakataa, kwa kuwa aliona siku za mambo hayo zimepita. Wengine aliowaendea walikataa pia.

Mwaka wa 1877, alipokuwa ameingia Chuo Kikuu cha Tokyo, Kano alianza kuwatafuta waganga wa mifupa mmoja baada ya mmoja, akijua kwamba nyuma ya mganga yaweza kuwa yuko mwalimu. Hivyo ndivyo alivyofika kwa Hachinosuke Fukuda, mzee wa chuo cha Tenjin Shinyo, aliyekuwa akifundisha watu wachache tu. Huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza.

Mafundisho ya Fukuda hayakuwa ya maneno mengi. Kijana wa chuo kikuu, aliyezoea kuuliza sababu ya kila kitu, alimwuliza mzee namna fulani ya kuangusha hufanywaje. Mzee hakumweleza, alimwangusha. Kano alipoinuka na kuuliza tena, aliangushwa tena, na tena, hata akafahamu kwamba jibu la swali lake linaingia kwa mwili kabla ya kuingia kwa akili. Alirudi nyumbani na michubuko, akajipaka dawa, na kesho yake akaenda tena. Katika chumba hicho alikuwako mwanafunzi mkubwa wa mwili ambaye Kano hakumweza hata kidogo. Alivisoma vitabu vya mieleka, hata vya Ulaya, mpaka akapata namna ya kumbeba mtu mabegani na kumtupa, na kwa namna hiyo akamshinda yule mwenzake. Namna hiyo imo katika judo hata leo. Hapa tayari twaona tabia yake: alimtii mwalimu, lakini hakuufunga mlango wa akili yake.

Katika mwaka wa 1879 Jenerali Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliizuru Japani, na Fukuda na wanafunzi wake, Kano akiwa miongoni mwao, walionyesha elimu yao mbele ya mgeni huyo. Muda mfupi baadaye mzee Fukuda alifariki. Mjane wake alizichukua hati za chuo, akazikabidhi mikononi mwa Kano, aliyekuwa kijana asiyetimiza miaka 19. Hati hizo zingeweza kuozea sandukuni, kama zilivyooza nyingi wakati ule, naye akazitunza.

Lakini hakufikiri kwamba kwa kuwa na hati amekwisha kuwa mwalimu. Alikwenda kwa mzee mwingine wa chuo kile kile, Masatomo Iso, akaendelea kujifunza mpaka mzee huyo naye akafariki mwaka wa 1881. Ndipo akamwendea mwalimu wa tatu, Tsunetoshi Iikubo, wa chuo cha Kito, aliyekuwa amefundisha katika chuo cha kijeshi cha utawala wa zamani. Iikubo alikuwa amepita miaka 50, na bado alimwangusha Kano apendavyo. Chuo hiki kilikuwa na namna tofauti na kile cha kwanza, na Kano aliona kwamba haifai mtu kusema chuo chake ndicho chenye kweli yote.

Mwaka wa 1882, akiwa na miaka 21, na akiwa ameanza kufundisha katika shule ya watoto wa wakubwa iitwayo Gakushuin, Kano alipanga chumba katika hekalu la Wabudha la Eishoji mjini Tokyo, akatandika mikeka 12, akaanza kufundisha. Mahali hapo alipaita Kodokan, maana yake nyumba ya kujifunzia njia. Mwaka ule wa kwanza wanafunzi wake walikuwa tisa tu. Baadhi yao walikaa naye, wakala chakula chake na kuvaa nguo alizowapa, kutokana na mshahara wake wa ualimu. Yasimuliwa kwamba kwa kishindo cha kuangushana sakafu ya hekalu ilitikisika hata vibao vya kuwakumbuka wafu vikaanguka, na kwamba Kano aliingia chini ya sakafu usiku na taa mkononi, akatengeneza mbao zilizovunjika. Mwanzilishi wa mchezo ambao leo umeenea duniani aliuanza kwa kutambaa chini ya nyumba ya kuazima.

Mzee Iikubo alikuja hekaluni kufundisha pamoja na mwanafunzi wake. Ikawa siku moja, walipokuwa wakijaribiana, Kano alimwangusha mwalimu wake mara kwa mara, na mzee hakuweza kumwangusha hata mara moja. Mwalimu alistaajabu, akauliza sababu. Kano alimweleza kwamba amegundua jambo la kumwondoa mtu katika mizani ya kusimama kwake kabla ya kumtupa. Kwamba mtu aliyekwisha kuyumba hahitaji nguvu nyingi kumwangusha. Mzee alilifikiri jambo hilo, akakiri kuwa ni kweli, akamwambia kwamba yeye hana tena la kumfundisha. Akampa shahada ya juu kabisa ya chuo cha Kito, na pamoja na shahada akampa vitabu vyake vyote na hati zake zote.

Tuitazame habari hii kwa makini, maana inatuhusu sisi tufanyao kazi. Wako wazee wengi katika karakana, mashambani na maofisini ambao kijana akianza kuwapita katika ujuzi humwonea wivu, wakamficha siri ya kazi, wakamnyima kitabu na zana. Wako pia vijana wengi ambao wakimshinda mwalimu wao mara moja hujitangaza kwamba hawakufundishwa na mtu. Siku ile hekaluni mzee hakuona haya kushindwa na mwanafunzi wake, wala mwanafunzi hakujivuna kwa kumshinda mwalimu wake. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na kwa hiyo elimu haikufa.

Sasa twaweza kuuliza: Kano aliifanya nini elimu aliyoipokea? Aliichambua. Mambo yaliyokuwa hatari, yavunjayo viungo, aliyatenga na mazoezi ya kushindana, ili vijana wapate kushindana kwa nguvu zao zote wasiuane. Aliweka mkazo katika kufundisha namna ya kuanguka bila kuumia kabla ya kumfundisha mtu namna ya kuangusha. Tangu mwaka wa 1883 alianza kutoa madaraja, na baadaye waliofikia daraja hizo wakavaa mshipi mweusi, desturi ambayo michezo mingine ya mapigano iliiga. Zaidi ya hayo alitafuta kanuni moja iliyo chini ya yote. Alieleza kwa hesabu rahisi: mtu mwenye nguvu kumi akinisukuma mimi mwenye nguvu saba, nikimpinga nitashindwa, lakini nikirudi nyuma kwa kadiri ya kusukuma kwake, yeye huyumba, na nguvu zake zikabaki tatu, na mimi ningali na saba zangu. Ndiyo maana akaiita elimu yake judo, yaani njia ya ulaini, akiondoa neno la ufundi na kuweka neno la njia. Alitaka mtu atokaye katika mikeka aitumie kanuni hiyo katika maisha yake yote: asipoteze nguvu bure, na nguvu alizo nazo zimfae yeye na mwenzake pamoja.

Basi hayo yote ni mapya. Lakini Kano hakusema hata siku moja kwamba judo imetoka kichwani mwake. Aliwataja walimu wake watatu kila alipoeleza mwanzo wa kazi yake, na vyuo vyao viwili alivitaja kwa majina. Mazoezi ya kale ya chuo cha Kito, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu waliovaa mavazi ya vita, aliyaweka ndani ya judo jinsi yalivyokuwa, ingawa hakuna tena mtu aliyekwenda vitani kwa mavazi yale. Aliyapenda sana, na hata alipokuwa mzee aliyaonyesha mwenyewe mbele ya watu. Yangali yanafundishwa Kodokan mpaka leo. Yeyote ayaonaye aiona elimu ya mzee Iikubo, aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Katika miaka ile ile ya 1880 wanafunzi wa Kano walishindana na watu wa vyuo vya kale mbele ya polisi wa Tokyo, wakajipatia sifa kubwa, na polisi na shule zikaanza kufundisha judo. Hapa yatupasa kusema kweli yote. Ushindi huo ulikuwa pia mwisho wa vyuo vingi vidogo, maana vijana waliviacha wakaenda Kodokan. Kano alilitambua jambo hilo. Mwaka wa 1906 alikaa huko Kyoto pamoja na wakubwa wa vyuo mbalimbali vya jujutsu, wakachagua na kupanga pamoja mazoezi ya kuhifadhiwa. Na mwaka wa 1928 alianzisha ndani ya Kodokan chama cha kuchunguza elimu za mapigano za kale, akawaita walimu wa upanga na wa fimbo wafundishe wanafunzi wake. Mtu aliyekuwa na chama kikubwa kuliko vyote aliwafungulia mlango wazee ambao chama chake kilikuwa kimewafunika.

Mwalimu mmoja aliyeufaidi mlango huo ni Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka visiwa vya Okinawa. Mwaka wa 1922 alikuja Tokyo kuonyesha karate, ambayo watu wengi wa mji mkuu hawakuijua. Kano hakumwona kuwa mshindani; alimkaribisha Kodokan aonyeshe elimu yake, akamtia moyo. Funakoshi alibaki Tokyo, akaieneza karate, na kutoka kwa judo akaazima madaraja na nguo za mazoezi. Yasimuliwa kwamba baada ya Kano kufa, Funakoshi kila alipopita mbele ya Kodokan alikuwa akiinama kwa heshima, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa maelfu.

Wanafunzi wa Kano nao walitawanyika. Yoshitsugu Yamashita alikwenda Marekani, akamfundisha judo Rais Theodore Roosevelt mwaka wa 1904. Mitsuyo Maeda aliondoka Japani mwaka ule ule wa 1904, akazunguka nchi nyingi, akatua Brazili mwaka wa 1914, na mbegu aliyoipanda huko ikaota mchezo mwingine ujulikanao dunia nzima kwa jina la jiu-jitsu ya Brazili. Kwetu nako, huko Unguja, vijana wameujua mchezo huu kwa kufundishwa na mwalimu aliyetoka Japani. Hivyo mzee mmoja mwunga mifupa wa Tokyo, ambaye watu wa zama zake walimwona kuwa hana faida, ana wajukuu wa elimu yake hata katika kisiwa cha karafuu.

Msomaji asidhani kwamba Kano alikuwa mtu wa mikekani tu. Kazi yake aliyoishi kwayo ilikuwa ualimu. Aliwahi kuwa mkuu wa shule huko Kumamoto, na tangu mwaka wa 1893 akawa mkuu wa chuo kikubwa cha walimu cha Tokyo, akakiongoza kwa vipindi vitatu, jumla yake zaidi ya miaka 20, hata alipostaafu mwaka wa 1920. Mwaka wa 1896 serikali ya China ilipopeleka vijana 13 wasome Japani, waliwekwa chini ya ulinzi wake, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa shule ya Kobun, ambamo maelfu ya vijana wa China walipata elimu. Lu Xun, mwandishi mkubwa wa China mpya, alisoma katika shule hiyo kuanzia mwaka wa 1902 mpaka mwaka wa 1904.

Mwaka wa 1909 Kano aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mtu wa kwanza kutoka bara la Asia. Mwaka wa 1912 aliwapeleka Stockholm wanariadha wawili tu, wa kwanza kwa Japani. Alifanya kazi miaka mingi ili michezo hiyo, ambayo ilikuwa haijapata kufanyika nje ya Ulaya na Marekani, ifanyike katika Asia. Na mwaka wa 1936 kamati ilikubali michezo ya mwaka wa 1940 iwe Tokyo. Lakini mwaka wa 1937 Japani iliingia vitani na China, nchi ile ile ambayo Kano alikuwa amewafundisha vijana wake. Machi 1938, mzee wa miaka 77, alisafiri mpaka Cairo kuitetea Tokyo katika mkutano wa kamati. Akafanikiwa. Aliporudi alipitia Marekani, akapanda meli iitwayo Hikawa Maru, na humo baharini akashikwa na homa ya mapafu. Alifariki tarehe 4 Mei, 1938, siku mbili kabla ya meli kutia nanga Yokohama. Miezi miwili baadaye serikali ya Japani iliirudisha michezo ile, vita viliimeza. Michezo haikufika Tokyo mpaka mwaka wa 1964. Hapo judo iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza. Wajapani waliumia mioyo yao Anton Geesink, Mholanzi mrefu, alipomshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya macho yao. Washabiki wa Mholanzi walitaka kukimbilia mikekani kwa furaha. Yeye aliinua mkono kuwazuia, ili aliyeshindwa asivunjiwe heshima na desturi ya mahali isivunjwe. Walioona jambo hilo walitambua kwamba mafundisho ya Kano yalikuwa yamefika Ulaya, si katika mikono tu bali katika tabia.

Lakini jambo tulilolikusudia zaidi tumelibakiza mwisho. Kano alikuwa amewafundisha wanawake tangu mwaka wa 1893, wakati ambapo watu wengi waliona ni aibu, na mwaka wa 1926 Kodokan ilipata idara ya wanawake. Ilipofika miaka ya 1930, mzee Fukuda alikuwa amekwisha kukaa kaburini zaidi ya miaka 50. Hapana mtu ambaye angemdai Kano cho chote kwa ajili yake. Hata hivyo mwaka wa 1935 Kano alimtafuta mjukuu wa mwalimu wake wa kwanza, akamkaribisha Kodokan ajifunze. Mjukuu huyo alikuwa msichana, mdogo wa mwili kuliko hata Kano mwenyewe, aliyekuwa akijifunza kuandika kwa brashi na kupanga maua. Jina lake ni Keiko Fukuda.

Elimu ambayo mjane wa Fukuda aliikabidhi kwa kijana wa chuo kikuu mwaka wa 1879, kijana huyo, sasa mzee mwenye nywele nyeupe, aliirudisha nyumbani kwa Fukuda. Hakurudisha hati zilizokunjwa kama alivyozipokea. Alirudisha elimu iliyokua, iliyosafishwa, yenye kanuni, na alimpa mtu ambaye babu yake pengine asingefikiri kumfundisha. Hivyo ndivyo deni la mwalimu lilipwavyo.

Na huyo binti hakulitupa. Kano aliwahimiza wanafunzi wake waende nchi za mbali kufundisha. Alipokwisha kufa, Keiko Fukuda aliufuata wosia huo. Aliiacha ndoa iliyokuwa ikitazamiwa, akalionyesha zoezi la ulaini katika michezo ya Tokyo ya mwaka wa 1964, kisha akahamia Marekani, akafundisha huko San Francisco kwa miaka mingi. Lakini nyumba ya mwalimu wake haikumtendea haki. Mwaka wa 1953 alipewa daraja la tano, na kwa sababu ya kuwa mwanamke alisimamishwa hapo karibu miaka 20, hata mwaka wa 1972, baada ya watu wengi kumtetea, akapewa daraja la sita, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kulipata. Mwaka wa 2006 Kodokan ilimpa daraja la tisa. Mwaka wa 2011 chama cha judo cha Marekani kilimpa la kumi, naye akiwa na umri wa miaka 98. Alifariki Februari 2013, akiwa wa mwisho katika wanafunzi waliofundishwa na Kano mwenyewe.

Habari hiyo yatuonya. Watu walewale walioitundika picha ya Kano ukutani, wakaiinamia kila asubuhi, waliweza kwa miaka mingi kumzuilia mwanafunzi wake haki yake, kwa sababu ya desturi ambayo Kano mwenyewe alikuwa ameanza kuivunja. Kuinamia picha ni rahisi. Picha haidai kitu. Elimu ndiyo idaiyo: yadai itunzwe, yadai isahihishwe ilipo na kosa, yadai ipewe mtu mwingine bila ya kumwangalia ni mtoto wa nani, mwanamume au mwanamke.

Ndugu msomaji, nawe huna budi kuwa na Fukuda wako. Labda ni fundi aliyekutia nyundo mkononi kwa mara ya kwanza, au mwalimu wa shule ya kijijini aliyekushika mkono ukaandika herufi, au bibi aliyekufundisha majira ya kupanda. Labda leo hana jina mjini, na vijana wapitao humwona kuwa masalio ya zamani. Ikiwa yu hai, mwende ukamwamkie, na ukamwulize yale ambayo hajamwambia mtu bado. Ikiwa amekufa, tazama kama yuko mjukuu wake anayetaka kujifunza kazi, umwite karakanani kwako, umfundishe yote aliyokufundisha babu yake, na umwongezee na yale uliyoyapata wewe.